UZI: Upepo wa matairi katika mbio za dragi kwa magari ya tabo

Kanieneo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Katika nyuzi zetu za magari ya Kijapani linarudi swali lile lile kila baada ya muda mfupi: mtu amefunga tabo kubwa (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), injini imepita nguvu za farasi 600, sasa anauliza aweke upepo kiasi gani kwenye matairi ya nyuma akienda dragi. Majibu huwa ni namba tupu. Mmoja anasema psi 16 (paundi kwa inchi ya mraba), mwingine 20, wa tatu anaapa kwa 12, na hakuna anayemuuliza muulizaji gari lake lina uzito gani, amefunga tairi la aina gani, wala atakimbilia kwenye lami ya namna gani. Namba nyingi zinazozunguka humu zimechukuliwa kwa Wamarekani, ambao ukanda wao hunyunyiziwa dawa ya kunata na kuburutwa kwa mpira mpaka unakaribia kukuvua kiatu ukitembea juu yake. Ukiipeleka namba hiyo kwenye lami ya kawaida yenye vumbi, usishangae ukiachwa na gari lenye nusu ya nguvu zako.

Kwa wageni wa mchezo huu: dragi ni mbio za magari mawili kwenye mstari ulionyooka, kwa kawaida robo maili, yaani mita 402, au nusu ya hapo, mita 201. Mwisho wa mbio unapewa karatasi ya muda, na watu wengi hukimbilia kusoma mstari wa chini, ambako kuna muda wote na mwendo wa mwisho. Mimi nawaomba muanze juu, kwenye muda wa futi 60 za kwanza, ambazo ni mita 18.3. Mwendo wa mwisho unakuambia injini ina nguvu kiasi gani. Muda wa futi 60 unakuambia kama nguvu hiyo ilifika chini. Magari mawili yanaweza kupita mstari wa mwisho yote kwa kilomita 210 kwa saa, moja likatumia sekunde 10.8 na jingine 11.6, na tofauti hiyo karibu yote ikawa imezaliwa pale pale taa zilipowaka. Madereva wa mchezo huu wana kanuni yao kwamba kila sehemu ya kumi ya sekunde unayoiokoa kwenye futi 60 hukurudishia sehemu moja na nusu za namna hiyo, au hata mbili, mwisho wa robo maili.

Sasa tuje kwenye upepo wenyewe. Tairi hubeba gari kwa eneo dogo linalogusa lami, na kwa makadirio ya haraka eneo hilo ni uzito ulioko juu ya tairi ukigawanywa kwa kanieneo ya ndani. Tuchukue Toyota Supra ya JZA80, yenye injini ya 2JZ-GTE ya lita 3.0 na kuendeshwa kwa magurudumu ya nyuma. Gari lina takriban kilo 1,500, na likiwa limesimama kila tairi la nyuma linabeba kama kilo 350. Kwa psi 30 eneo la kugusa linakuja takriban sentimita za mraba 165. Ukishusha hadi 16 linakaribia 310. Haliongezeki hivyo kamili, kwa sababu ubavu wa tairi nao una ugumu wake na unabeba sehemu ya mzigo, lakini mwelekeo ndio huo. Na ongezeko kubwa liko kwenye urefu wa alama ya tairi kuliko upana, kwa kuwa upana umeshawekewa mpaka na tairi lenyewe.

Gari linapochomoka, uzito unahamia nyuma. Kwa Supra hiyo hiyo, ikichapuka kwa kiwango kinacholingana na mvutano wa dunia, karibu kilo 300 zinatoka mbele na kuangukia matairi ya nyuma. Hapo ndipo ubavu uliolegea kiasi unafanya kazi yake: unakunjamana, unameza ule mshtuko wa kwanza, halafu unasukuma. Ukitazama picha za magari yanayoondoka kwa matairi ya vipara, yaani yasiyo na kashata, utaona ubavu umejikunja kama shuka iliyokamatwa katikati na kusokotwa, huku rimu imeshazunguka na uso wa tairi unaogusa lami bado umekaa.

Ila kushusha kuna mwisho wake. Upepo ukipungua kupita kiasi, sehemu ya katikati ya tairi inabonyea kuelekea juu na gari linabaki limesimama kwenye kingo mbili. Ukizidi, ni kinyume: katikati peke yake ndiyo inayogusa. Njia rahisi ya kujua uko wapi haihitaji kifaa cha bei. Choma matairi kidogo, yaani yazungushe kwa nguvu gari likiwa halisogei, kisha sogea mbele, shuka, urudi utazame alama nyeusi ulizoacha. Alama iliyokolea pembeni na kupauka katikati inaomba upepo zaidi. Iliyokolea katikati inaomba upunguze. Iliyokolea sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, iache. Mwenye kipimajoto cha tairi apime sehemu tatu, ndani, katikati na nje, mara tu anaporudi, kabla joto halijasambaa.

Nitaendelea na aina za matairi. Karibuni kwa maswali.

Silinda Sita

Mkuu, somo zuri, lakini kwenye kingo na katikati nina neno. Miaka yote nimewaona wakongwe wakishusha hadi 12, hata 10, na magari yao yanaondoka yamebandika. Nadhani unawatia watu woga bure. Upepo mdogo ni mshiko mkubwa, habari ndiyo hiyo.

Kanieneo

Ndugu Silinda Sita, hao wakongwe walikuwa sahihi kwa matairi yao. Vipara vya zamani vimejengwa kwa nyuzi zilizopishana kimshazari, ujenzi unaoitwa bayasi, na ubavu wake ni mlaini sana. Tairi la namna hiyo linataka upepo mdogo, mara nyingi kati ya psi 8 na 14 kutegemea uzito wa gari, na likizunguka kwa kasi linavimba na kurefuka kipenyo, kiasi kwamba hata hesabu ya gea inabadilika kuelekea mwisho wa mbio.

Vijana wengi humu hawafungi hayo. Wanafunga radiali za dragi, zile zenye alama ya kuruhusiwa barabarani, kama Mickey Thompson ET Street R au Nitto NT05R. Nyuzi za radiali zinakatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu na juu yake kuna mkanda wa waya chini ya kashata. Mkanda huo unalifanya tairi lishike umbo lake. Haliombi kulegezwa sana ili lishike, na ukililegeza kupita kiasi mkanda unapinda, ndipo katikati inaponyanyuka. Kwa gari la kilo 1,500 hadi 1,700 nashauri mtu aanzie 18 kwenye ukanda uliotayarishwa, apande au ashuke kwa psi moja moja, na karatasi ya muda imwambie akae wapi. Atakayepeleka radiali hadi 10 ataona gari linayumba mkia kwenye kilomita 200 kwa saa, na huo ni woga wa haki.

Kuna na kundi la tatu: tairi la barabarani la mbio kama Toyo R888R, au tairi la kawaida kabisa. Hilo lina ubavu mgumu. Kulishusha kutoka 32 hadi 24 au 26 kunaweza kusaidia. Kulishusha hadi 16 ni kulitesa tu, kwa sababu mpira wake haukuchanganywa kwa kazi hiyo.

Mwana Tanga

Shikamoo mwalimu, na asante kwa uzi. Gari langu ni hiyo hiyo Supra uliyoitaja, 2JZ yenye tabo moja kubwa badala ya zile mbili za kiwandani, na nyuma nina radiali za dragi. Tatizo langu ni geni kidogo na uliyoeleza. Gari linaondoka vizuri, futi 60 ni nzuri. Nikishaingiza gea ya pili, tabo inajaa na matairi yanaachia ghafla, injini inalia hadi kikomo, na mwenzangu ananipita nikiwa bado napigana na usukani. Nimeshusha upepo, nimepandisha, hali ni ile ile. Je, ninunue tairi pana zaidi?

Kanieneo

Marahaba, ndugu yangu. Usinunue chochote kwanza. Swali lako ndilo lililonifanya niandike "magari ya tabo" kwenye kichwa cha uzi, kwa maana gari lisilo na tabo halina ugonjwa huu kwa kiwango hiki.

Injini isiyo na tabo inatoa nguvu yake kwa mpangilio unaotabirika: unakanyaga, inapanda taratibu pamoja na mizunguko. Injini yenye tabo kubwa inachelewa. Wakati wa kuondoka busti, yaani msukumo wa hewa ambayo tabo inaingiza kwenye injini, bado ni ndogo, kwa hiyo tairi linabeba kazi nyepesi na karatasi ya futi 60 inakusifu. Kisha moshi unapata kasi ya kutosha kuzungusha feni ya tabo, busti inapanda kutoka pengine bar 0.5 hadi 1.8 ndani ya muda mfupi sana, na nguvu ya kuzungusha inakaribia kujirudia mara mbili. Wakati huo ule uzito uliokuwa umekimbilia nyuma umeshaanza kurudi mbele, springi zimepumua, na tairi lina mzigo mdogo kuliko lilivyokuwa nao mstarini. Nguvu kubwa inakutana na tairi lililopunguziwa uzito. Hakuna namba ya upepo inayoweza kutibu hilo.

Dawa iko kwenye kompyuta ya injini. Kompyuta nyingi za kisasa za kubadilisha, kama Haltech, Link au MoTeC, zinaruhusu kupanga busti kwa gea, au kwa mwendo wa gari. Unamwambia fundi wa programu akuwekee busti ndogo gea ya kwanza, ya wastani gea ya pili, na kamili kuanzia ya tatu, na muhimu zaidi, alainishe ule mteremko wa kupanda usiwe ukuta. Anayesema kwamba huko ni kupoteza nguvu ulizolipia, mwambie nguvu inayogeuka moshi wa tairi hukuwa nayo tangu mwanzo. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye upepo, na utaona kwamba psi moja sasa inaleta tofauti unayoweza kuisoma kwenye karatasi.

Jambo la pili la kukagua ni kemba, yaani mwinamo wa gurudumu kuelekea ndani au nje. Supra ina sespensheni huru nyuma, na gari linapoketi mkia matairi yanajilaza juu kuelekea ndani. Ukiwa umelishusha gari kwa ajili ya mwonekano, ukingo wa ndani ndio utakaobeba kila kitu wakati wa kuondoka, na alama yako nyeusi itakolea upande mmoja tu. Watu husoma alama hiyo vibaya wakadhani ni upepo. Peleka gari likapimwe, kemba ya nyuma ikaribie sifuri.

Wa Ngong

Habari zenu ndugu zangu wa pwani. Mimi niko Nairobi na gari langu ni Evo ya tisa (Mitsubishi Lancer Evolution), 4G63 ya lita mbili, magurudumu yote manne yanavuta. Nina mambo mawili. Kwanza, kwa gari la namna hii mbele naweka kiasi gani? Pili, rafiki yangu alipandisha gari kutoka Mombasa kwa trela, matairi akiwa ameyaweka 18 kule chini. Alipofika hapa geji ikasoma karibu 21, na hakuna mtu aliyeyagusa. Alilaumu geji. Nani ana makosa?

Kanieneo

Ndugu wa Ngong, geji haina makosa na rafiki yako hana makosa. Geji ya tairi haipimi kanieneo yote iliyomo ndani. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Mombasa hewa ya nje inasukuma kwa takriban kilopaskali 101. Kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako ndiko Nairobi iliko, inasukuma kwa takriban 82 au 83. Hiyo ni tofauti ya kilopaskali 18 na kitu, sawa na psi 2.7. Hewa ndani ya tairi ni ile ile, ila nje kumepungua mkono wa kuisukuma. Hivyo 18 ya Mombasa inasomeka karibu 21 Nairobi hata kama joto halijabadilika. Na kwa kuwa tairi linabeba gari kwa tofauti hiyo hiyo ya ndani na nje, ugumu wake umeongezeka kweli. Apunguze hadi 18 akishafika, na akiteremka tena Mombasa akumbuke kuongeza, asije akaendesha na 15.

Kuhusu magurudumu manne: mbele nako kunavuta, kwa hiyo usikufanye kugumu kama wafanyavyo wenye Supra. Wao mbele hupandisha hadi 36 au 40, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni, ili kupunguza mkokoto, kwani matairi yale kazi yake ni kuelekeza tu. Kwako wewe uzito unatoka mbele kwenda nyuma wakati wa kuondoka, lakini matairi ya mbele bado yana kazi. Anza na upepo sawa mbele na nyuma, halafu tofautisha kidogo kidogo. Kwa matairi ya barabarani, 26 kote ni pa kuanzia pazuri. Na usiingie kwenye dimbwi la maji la kuchomea matairi: kashata za barabarani zinabeba maji hadi mstari wa kuondokea, na kuzungusha magurudumu manne kwa nguvu pale kunaila klachi na difu ya kati bila faida. Pita pembeni, zungusha kidogo pakavu kuondoa mchanga, inatosha.

Maskati Usiku

Assalamu alaykum. Niruhusuni niongeze la huku Ghuba, ambako dragi ina wenyewe hasa. Yas Marina pale Abu Dhabi wana ukanda wao, Bahrain kwenye uwanja wa Sakhir kadhalika, na Qatar hali kadhalika. Huku adui ni jua. Ukiliegesha gari kwenye foleni upande mmoja ukitazama magharibi, tairi la upande wa jua linaweza kuwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya lile la kivulini. Kwenye psi 16 tofauti hiyo inakuletea psi mbili nzima kati ya kushoto na kulia. Matairi ya nyuma yakitofautiana hivyo, kipenyo kinatofautiana pia, na gari linavuta upande mara unapoachia klachi. Utawaona watu wanafunika matairi kwa kitambaa cheupe foleni nzima. Hawaogopi rangi kupauka.

Halafu wenye Nissan GT-R ya R35 wawe waangalifu zaidi. Gari lile lina gia boksi nyuma na shafti inayorudisha nguvu mbele, na kompyuta yake inalinganisha mzunguko wa mbele na wa nyuma muda wote. Matairi ya kiwandani, 255/40 mbele na 285/35 nyuma kwenye rimu ya inchi 20, yanatofautiana kipenyo kwa milimita nne na nusu tu. Ukifunga radiali nyuma peke yake na kushusha upepo bila kupima mzingo, kompyuta itadhani gari linateleza, na klachi za kupeleka nguvu mbele zitafanya kazi isiyo yao. Chukua futi kamba, zungushia tairi likiwa limejazwa, mbele na nyuma, uandike.

Kanieneo

Wa alaykum salaam, ahsante sana ndugu wa Maskati. La futi kamba naliunga mkono kwa mikono miwili, na hata mwenye Supra apime kushoto na kulia, maana matairi mawili ya namba moja kutoka kiwanda kimoja hayalazimiki kuwa na mzingo mmoja.

Mwana Tanga

Mwalimu, swali la mwisho kutoka kwangu. Geji ya kituo cha mafuta inafaa? Na ile gesi ya naitrojeni wanayotuuzia, inasaidia dragi?

Kanieneo

Geji ya kituo cha mafuta haifai. Imetengenezwa kusoma hadi 100 au zaidi kwa ajili ya malori, na huku chini tunakocheza sisi, sindano yake inakaa tu ikikisia. Tafuta geji ya mshale yenye kikomo cha 30, iliyogawanywa kwa nusu psi, yenye kitufe cha kuachia upepo polepole. Geji nyingi za mshale ni sahihi zaidi katikati ya uso wake kuliko kwenye ncha. Ukishaipata, itumie hiyo hiyo siku zote na usiazime ya jirani katikati ya mashindano, kwa sababu geji mbili nzuri zinaweza kupishana psi moja, na psi moja ndiyo tunayoitafuta.

Naitrojeni inapanuka kwa joto sawa na hewa kavu ya kawaida. Faida yake ni kwamba haina unyevu, na hewa ya kompresa ya gereji za pwani ina maji mengi. Ukiwa na kompresa yenye kichujio cha maji, weka pesa yako mfukoni. Kilicho muhimu zaidi ni wakati wa kupima: pima baada ya kuchoma matairi na kukimbia mara moja, uandike, kisha uone yanaposhuka yakipoa. Namba ya baridi ni ya kuanzia tu. Ile inayokuondoa mstarini ni ya moto.

Silinda Sita

Mkuu, nimekubali la radiali, ila wenye vipara vya bayasi tubaki na kumi na mbili zetu.

Kanieneo

Bakini nazo, ndugu yangu, mradi mfunge skrubu za rimu ili tairi lisizunguke peke yake juu ya rimu na, kwa mwenye tyubu ndani, kuchomoa valvu. Na msichanganye: bayasi nyuma na radiali mbele ni mchanganyiko ambao watengenezaji wenyewe wanauonya, kwani nyuma itayumba wakati mbele imesimama imara, na usukani utakupa habari za uongo kwenye mwendo mkubwa. Kofia ngumu ni lazima; kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, inaanza kudaiwa kwa gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 13.99, na kuanzia 11.49 unatakiwa uwe na bomba la kukukinga ndani ya gari likipinduka. Magari mengi yanayotajwa humu yameshavuka namba hizo zote mbili. Na anayerudi nyumbani kwa radiali zile zile ajaze hadi kiwango cha barabarani kabla hajatoka getini. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye umeme wa gari inamaliza kazi hiyo kwa dakika chache.